Kaziye Nane Zilizorudi na Vifuniko Vyake

Mi huwa nacheka mikasa ya wengine, basi leo nichekeni mimi, maana haya imeshanimaliza, na mukipita pale mutaani Asiatique kwenye duka la vitenge ninakouza mukaona nainama chini ya meza kila akiingia mutu wa Uvira, mujue sitafuti kitu, najificha.

Binti yangu Bella alikuwa karibu kuombwa uchumba. Wakwe wanatoka Uvira, ng'ambo ya mupaka kule Kongo, watu wa heshima zao, na munajua kwetu siku hiyo wenyewe ndio wanakuja na kaziye, yale makreti ya bia, mpaka kwa wazazi wa binti, musemaji wao anaomba, musemaji wenu anajifanya hawajui kabisa, wanataniana weee, na mwisho mukiinywa ile bia pamoja basi mutoto ameposwa. Sasa mi nakaa Mutanga Nord, nyumba ya nyuma, vyumba viwili, choo nachangia na mupangaji mwenzangu, na uwanja wenyewe ukifunga kamba ya nguo umekwisha. Bella aliniambia, "Mama, tufanyie hapahapa, Patrick anapajua." Patrick ndiye muchumba. Mi nikaona aibu. (Aibu! Kumbe nilikuwa bado sijaiona.)

Nikapata kwenye simu nyumba ya mapumziko karibu na ziwa, geti kubwa, bustani, inapangishwa kwa siku. Nikapiga. Musimamizi akauliza ni ya shughuli gani, na mi nilishasikia kwamba ukitaja sherehe bei inapanda mara mbili, nikamujibu, "Ni familia tu, baba, tunakuja kupumzika, watu kama kumi hivi." Wakwe nao nikawatumia ujumbe kwamba tutawapokelea kwa mujomba wa binti. Uongo mudogo, tena mara mbili tu, nikalala usingizi mutamu.

Jumamosi asubuhi nafika na masufuria, musimamizi, baba mumoja mupole mwenye kalamu sikioni, ananiambia bado pesa ya usafi. Mbona sikuambiwa? "Iko kwenye masharti, mama, kule chini kabisa." Nikalipa. Kidogo tu akataka na mazutu, mafuta ya jenereta, kwa sababu umeme umekatika. Nikalipa, na hiyo ilikuwa pesa ya nyama, tukapunguza nyama. Halafu dhamana, eti kikombe kikivunjika! Hapo nikamuomba anisubiri mpaka jioni, akakubali, nikamushukuru na kumuombea baraka.

Saa nane wakwe wakafika, watu wapata arobaini, akina mama wamevaa sare, vijana wamebeba kaziye nane za bia. Musimamizi akasimama getini, akainua mukono.

"Vinywaji vya kutoka nje vinalipiwa, kila kaziye elfu kumi. Na wageni wakizidi kumi, kila mutu anaongeza."

Yampaye inka, mama yangu wee! Mi niko barazani na sinia mukononi. Na wakwe wakaangua kicheko! Walidhani ni ule utani wa siku hiyo, walidhani tumemuweka pale makusudi awasumbue. Akina mama wakapiga vigelegele. Musemaji wao, muzee mumoja wa miwani, akasema, "Eeh, bakwe hawa ni bakali! Basi tulipe, mutoto ana thamani," akatoa noti kwa mikono miwili, akakunja na magoti kidogo, watu wanashangilia. Nikasema moyoni, Mungu wangu, labda tutapona.

Lakini yule baba anaijua kazi yake. Akahesabu, akaandika risiti, akapiga muhuri, akamupa muzee. Muzee akaisoma kwa sauti ili watu wazidi kucheka: "Nyumba ya mapumziko... kukodi siku moja... vinywaji vya kutoka nje..." Sauti ikapungua yenyewe. Vigelegele vikakatika.

Muzee akamugeukia kaka yangu Rémy, musemaji wetu, ambaye hotuba yake aliikariri wiki mbili nzima. "Ndugu yangu, tuache muchezo. Hapa ni kwa nani?"

Rémy akaniangalia. Na mi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Ni kwa ndugu yetu, yuko Ulaya."

"Apana, mama," musimamizi akasema, tena kwa upole uleule, "mwenye nyumba hana ndugu hapa. Na dhamana bado hujalipa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bella alikuwa nyuma yangu, amesukwa, amevaa, amesikia kila kitu.

Afadhali muzee angenitukana. Alisema taratibu, "Mama Bella, sisi tulikuja kumuomba mutoto kwao. Bia hii hatuwezi kuinywea mahali pa kukodi." Vijana wakainama, wakajitwisha tena kaziye zote nane, chupa zinalia mpaka kwenye gari. Munajua maana ya bia kurudi ilikotoka na vifuniko vyake? Mi nilikuwa sijawahi kuiona kwa mutu, nikaiona kwa binti yangu.

Pesa yao musimamizi aliirudisha, kwa kuwa hawakuingia, akanipa mimi maana wenyewe walishaondoka. Niliituma Uvira kwa simu, ikakatwa ada, wakairudisha, ikakatwa tena. Iko kwenye kopo, siigusi.

Bella hakunigombeza. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama, kwetu kuna nini kibaya? Si ndimo nilimokulia?" Nimeshamujibu mara nyingi, nikiwa peke yangu.

Nimeapa mbele ya Mungu, sitajifanya tena nina nyumba nisiyo nayo, hata kwa saa moja. Wakwe walituma neno kwamba watakuja, lakini nyumbani kwetu, na siku hawakuitaja. Huu ni mwezi wa tatu nangoja. Kila Jumamosi nafagia uwanja, nashusha kamba ya nguo, naazima viti, Bella ananitazama. Juzi Jumamosi gari la namba za Kongo likasimama nje, nikatoka mbio, kilemba kinaanguka. Dereva alikuwa anauliza njia ya kwa jirani. Nikamuonyesha, nikarudi kufunga kamba ya nguo.