Nguruwe ya Maganda

Shangazi yetu, dada mukubwa wa papa, iko na mudomo ambao hata padri anauogopa. Siku tuliyomaliza matanga ya papa, watu wakiwa bado wanakunja viti, alisimama katikati ya kiwanja cha parseli yetu kule Bagira akamwambia maman mbele ya kila mutu: "Shemeki, hiyo kichwa ngumu yako itaisha. Siku ya komunio ya mutoto, utakuja kwetu kuomba na sahani mu mukono." Mimi, muzaliwa wa kwanza, niko na hasira ya karibu, nikafungua kinywa, na maman akanikanyaga muguu. Iko na kisigino kizito, yule mama.

Haikupita muda, akapanda kwa kaka yake kule Nyantende, akarudi na kitoto cha nguruwe ndani ya kikapu, kinapiga makelele avenyu nzima.

"Hii njo komunio ya mudogo wako," akaniambia.

"Na itakula nini? Sisi wenyewe tunakula nini?"

"Itakula byenye batu banatupa."

Basi akaanza kuzunguka parseli kwa parseli. Maganda ya mihogo, maganda ya ndizi, maganda makavu ya maharagwe yanayobaki kisha kupiga mavuno, majani ya viazi vitamu: vyote alivitaka. Na kwetu mutu hakupi maganda ya mwaka muzima bure, hata kama alikuwa anayatupa mu mufereji. Siku ya kuchinja atakuja kuuliza kipande yake. Maman alijua hiyo, akawa anaahidi bila kupumua. Nilimsikia akiahidi muguu kwa maman anayepika kasiksi, pombe ya ndizi. Akaahidi muguu kwa fundi viatu, kwa mujane wa nyuma yetu, kwa muzee wa korali ya kanisa, kwa wale mapacha wa dukani, kila mumoja wa kwake.

"Maman, nguruwe iko na miguu ngapi?"

"Nyamaza, osha maganda."

Shangazi naye hakutuacha. Kila Dimanche kisha misa alipita "kusalimia", lakini macho yake yalikuwa yanakwenda moja kwa moja ku kibanda. Maman akamutegea. Dimanche asubuhi, mbele twende kanisani, alimwaga mulima wa majani ya viazi na maganda ya maharagwe, na wakati shangazi anafika, mutoto wa nguruwe alikuwa ameshalala kiubavu na tumbo mviringo, hawezi hata kusimama. Shangazi aliinama na vitenge vyake vya misa, akaipapasa ile tumbo.

"Kumbe! Imenona kweli?"

"Ni neema tu, shemeki," maman akasema, macho chini, mupole kuliko masista wa parokia.

Mimi nilikimbia nyuma ya nyumba nikajaza kitenge kinywani ili nisicheke kwa sauti. Furaha niliyosikia siku ile, sijui kama ni dhambi, lakini sikuipeleka kwa padri.

Sasa angalia mudomo wa mutu. Shangazi alitoka pale akaenda kutangaza kwamba shemeki yake anafuga nguruwe kama lori, na kwa sababu ni hivyo, familia yote ya papa itakuja ku komunio. Hata tonton, ndugu ya papa kule Kavumu, na bibi yake na watoto wao. Uongo wetu ukapata wageni.

Ile jioni niliingia ku kibanda, nikapitisha mukono, si ku tumbo, ku mugongo. Mifupa tupu! Nikapasuka kwa hasira.

"Maman, hii si nguruwe! Ni gunia ya majani yenye masikio!"

Alikuja, akapapasa pale nilipopapasa, akakaa ku ndoo iliyopinduliwa. Na mutu muzima yule, ambaye ku matanga alilia na kunyamaza na kuwapikia wote, akaanza kulia tena.

"Nilijua," akasema. "Kwetu Nyantende majani tulikuwa tunapa nguruwe mukubwa. Mudogo anaanza na chakula ya nguvu, majani kidogo tu. Ukimujaza maganda, tumbo inajaa, inaona imeshiba, na nyama haikuje. Nilijua, mutoto wangu. Lakini nilipenda yule mwanamuke aone tumbo." Akapangusa pua na kitenge. "Nitabeba ile sahani."

Mimi kumuona hivyo iliniuma kuliko matanga yenyewe.

Kesho yake tukaanza upya. Majani tukayakata madogo kama mboga ya lengalenga ya kupika. Maganda ya maharagwe yakawa fumba moja tu ya mukono. Ya mihogo tulianika ku mabati mpaka ukali wote utoke. Maman wa kasiksi alitupatia makapi ya kitutu, pombe yake ingine ya ndizi na mutama, mwingine akatupatia makapi ya soya kisha kukamua maziwa. Na mimi, msichana muzima mwenye kusuka nywele vizuri, nikawa naenda sokoni kufagia vumbi ya samaki ndogo za sambaza inayobaki chini ya magunia. Wauzaji walinicheka mpaka wakachoka. Nilinuka samaki hivi kwamba kijana mumoja wa korali aliyekuwa ananitazama sana aliacha kunitazama.

Tumbo ikapungua, mugongo ukaanza kujaa. Shangazi akafika Dimanche, akashituka.

"Yesu Maria! Shemeki, inakonda! Iko mugonjwa?"

"Hapana, shemeki. Ni Kwaresima. Inafunga."

Mimi nilikuwa tayari nyuma ya nyumba.

Siku ya komunio, mudogo wangu alivaa nguo nyeupe akapokea vizuri, na tuliporudi, parseli ilikuwa imejaa. Upande mumoja familia ya papa ku viti. Upande mwingine wenye maganda, kila mutu na basani yake, wamesimama wakingojea miguu. Fundi viatu alikuwa ameshachagua: ya nyuma, ya kuume. Mujane naye alichagua hiyo hiyo. Nikaona leo tutapigana mbele ya padri.

Maman alitoka jikoni na sufuria kubwa ya kukopa, nyama imekatwa vipande vidogo, akaiweka katikati.

"Miguu yenu yote iko humu," akasema. "Kila mutu atatambua ya kwake."

Kisha muzee wa korali akacheka, na wote wakacheka, na basani zikapita moja moja, na nyama ikatosha. Ikatosha! Kila mutu alikula, hata watoto wa Kavumu walirudia.

Shangazi alikuwa anangojea. Ku familia ya papa, dada wa baba anakula mugongo, hapewi kitu ovyo. Maman akamuletea sahani ya peke yake, imefunikwa na leso safi. Ndani ilikuwa tumbo.

"Uliipapasa weye mwenyewe," maman akamwambia pole pole. "Nikakuwekea."

Shangazi akaangalia tumbo, akaangalia maman. Nilifikiri dunia inaisha. Lakini akakula. Akakula yote, akalamba vidole.

Jioni, wageni wakiwa wanatoka, alikuja jikoni nyuma ya wengine wote, akafungua sakoshi yake ya misa. Akatoa sahani. Sahani yake mwenyewe, kutoka kwake, ya maua ya bluu.

"Shemeki," akasema, bila kututazama, "uniwekee kidogo ya kubeba."

Nikafungua kinywa. Kisigino kikashuka ku muguu wangu.

Maman akachukua ile sahani na mikono miwili. Akaijaza mugongo, ule mugongo wenyewe aliokuwa ameuficha chini ya majani ya ndizi tangu asubuhi, mpaka mafuta yakagusa maua ya bluu.

"Kwetu sahani hairudi tupu, shemeki," akamwambia.

"Nitakulipa na nini?"

"Na maganda," maman akasema. "Kesho Lundi naleta nguruwe ingine."