Nilipoingia Ndani ya Insha za Wanafunzi Wangu

Kosa langu la kwanza kama mwalimu ni kwamba niliziandika upya insha za wanafunzi wangu bila kuwaambia.

Sikusomea kompyuta popote. Nilijifunza kwa simu, chumbani kwangu Makongeni, nikirudia video moja hadi inielee. Bodi ya shule moja ya kutwa upande wa Ngoliba iliponiajiri kufundisha Kiswahili, niliomba kipindi kimoja kwa wiki katika chumba cha kompyuta. Nilitaka kidato cha pili waandike insha mtandaoni, kila mmoja aone ya mwenzake na kutoa maoni. Mkuu wa idara alikubali shingo upande.

"Ukiniharibia darasa, kijana, hicho kipindi nakichukua."

Hofu ikaniingia. Nikifika nyumbani nafungua insha zao, na nikikuta sentensi iliyopinda mkono unaniwasha. Nafuta, naweka misemo ile tuliyokaririshwa sote shuleni ili tupate alama. Msichana mmoja alikuwa ameanza hivi: "Kisima kilikauka, na baba akaanza kuongea na punda zaidi kuliko anavyoongea na sisi." Nikafuta. Mahali pake nikaweka majogoo waliowika na jua lililotabasamu.

Kipindi kilichofuata alifungua insha yake, akaisoma, akainua kichwa.

"Mwalimu, nani ameingia kwa insha yangu?"

"Wacha wee! Umekuwa mshairi," jirani yake akamtania. "Ata punda ametoroka!"

"Na kwetu hatuna jogoo," msichana akasema.

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikajifanya natengeneza waya wa projekta.

Wiki hiyo hiyo mkuu wa idara akazipitia insha. Majogoo waliwika karibu katika kila moja. Akaniita mbele ya walimu wenzangu.

"Hawa wamenakili kwa mtandao. Wote wapate sufuri, na kompyuta tufunge."

"Hawajanakili, Madam."

"Unawatetea?"

"Ni mimi niliyebadilisha."

Faili za aina ile huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Nikamfungulia. Kila palipowika jogoo palikuwa na jina langu. Nikarudi nyuma hadi insha ya yule msichana ilivyokuwa kabla sijaigusa, nikaisoma kwa sauti, yote. Mwalimu wa hesabu akaacha kusahihisha.

"Hii imeandikwa na mtoto wa kidato cha pili, na ameiandika mtandaoni," nikasema. "Kama kuna wa kuadhibiwa, ni mimi. Lakini kipindi sirudishi."

"Haina hata methali moja."

"Haihitaji."

"Na mtihani je?"

"Methali nitawafundisha, Madam. Kuona baba akiongea na punda siwezi kumfundisha mtu."

Alinitazama, kisha akaitazama tena skrini. "Basi toa mkono wako humo. Nikiona jogoo mwingine, nakufungia wewe, si kompyuta."

Niliwaomba wanafunzi radhi, nikawarudishia insha zao zilivyokuwa. Kisha nikajiondolea ruhusa ya kubadilisha. Siku hizi naandika maoni pembeni tu, nao wana haki ya kuyakataa, na huyakataa. Sentensi iliyopinda bado inaniwasha mkono. Kipindi bado kipo, na kidato cha tatu nao wamepewa chao.