Siku Pilipili Alipohamisha Mafaili ya Damu

Mtu akiitwa Pilipili na wadogo zake, na mkewe, na hata mlinzi wa getini, ujue hakupewa jina hilo kwa uzuri wa sura. Yeye ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali, na hasira zake ni moto wa kifuu: zinawaka ghafla, zinaunguza walio karibu, kisha mwenyewe anasahau. Walioungua ndio hawasahau.

Siku hiyo aliamka nazo, na safari hii alikuwa na sababu. Mama yake mzazi alilazwa wodini akisubiri kupasuliwa tumbo mchana, na damu ya bi mkubwa huyo ni ya shida. Ameshaongezewa damu za watu mara nyingi, sasa mwili wake unazikataa nyingi. Tangu alfajiri dada wa maabara alikuwa akipima mfuko mmoja baada ya mwingine kutafuta itakayokubaliana naye. Mpaka mifuko hiyo iingizwe kwenye mfumo, daktari hagusi kisu. Karatasi mkuu wa hospitali alishazipiga marufuku, eti zinachafua meza.

Ni mkuu huyohuyo aliyemwita Pilipili na kumwambia kuwa mafaili ya benki ya damu yahamishiwe toleo jipya, leo hii.

"Leo mama yangu anapasuliwa," Pilipili akasema.

"Si ndiyo vizuri, upo hapahapa. Wenye programu wamesema toleo la zamani hawalishughulikii tena. Na si unaandika mstari mmoja tu, bwana?"

Mstari mmoja tu. Hebu niambie, kuna kitu kinachokata maini kama hiyo "tu" ya mtu asiyeifanya kazi yenyewe? Kweli amri ni mstari mmoja. Unauandika kwenye dirisha jeusi lisilo na picha, na chombo cha kuhamishia kinaingia ndani ya kila faili na kuliandika upya. Lakini kwanza uweke nakala pembeni, na kila mtu awe ametoka kwenye mfumo. Faili likiwa wazi mahali, anachokiandika mtu wakati huo kinakwenda na maji.

Na hapo hospitalini, kufunga kompyuta maana yake ni kuzima skrini. Mashine inabaki ikinguruma chini ya meza, programu iko wazi, lakini kwa kuwa kioo kimekuwa cheusi, mtu anaapa kuwa amefunga. Pilipili ameshagombana nao juu ya jambo hilo mpaka koo likamkauka. Majuzi tu alimwambia karani wa mapokezi, mbele ya wagonjwa, kwamba kichwa chake ni cha kusukia nywele basi. Binti wa watu akaenda kulilia chooni, na hospitali nzima ikajua.

Basi akashika korido, mlango kwa mlango, sauti juu. "Tokeni kwenye mfumo. Sisemi mzime skrini, nasema mtoke. Nitakayemkuta ndani leo atanitambua."

Alipofika maabara, dada alikuwa amekaa, mikono mapajani, skrini nyeusi mbele yake.

"Umetoka?"

"Nimetoka, kaka."

Hakuinama kutazama chini ya meza. Akarudi chumbani kwake, akaweka nakala, akaandika amri. Chombo kikamjibu kwamba faili moja linatumika, je, aendelee?

"Linatumika na nani, na shetani?" akasema peke yake. Wote walishasema wametoka. Na chombo chenyewe anakijua, wakati mwingine kinashikilia alama ya mtu aliyekwishaondoka zamani. Akabonyeza ndiyo, kwa kidole kilichojaa hasira. Mafaili yakapita yote.

Hakijapoa hata kiti, dada wa maabara akasimama mlangoni, machozi yanamlengalenga.

"Kaka, majibu ya mama hayapo."

Pilipili akamwagia yote aliyokuwa nayo: uzembe, uongo, elimu ya bure. Kwa nini aseme ametoka na hajatoka? Dada akangoja mpaka yakamwishia.

"Mifuko inayomfaa nilikuwa nimeshaipata," akasema. "Nilikuwa naiingiza, sijahifadhi. Nilitaka nikuombe dakika moja. Nikasikia unavyokuja koridoni, mkono ukaenda wenyewe kwenye skrini."

Pilipili akaifungua ile nakala. Ilikuwa na kila kilichokuwa kimehifadhiwa. Majibu ya mama ya leo hayamo, karatasi ni marufuku na majibu ya damu hayaandikwi kwa kukumbuka, na damu waliyomtoa mama kwa kupimia ilikuwa imekwisha. Ikabidi atobolewe tena, waanze upya. Daktari hakungoja. Akampasua mgonjwa mwingine, na bi mkubwa akasogezwa hadi wiki ijayo, na maumivu yake, na njaa ya kufungishwa bure.

Pilipili akaenda wodini akiwa bado anafoka. Mkuu hana akili. Yule dada hana akili. Mama yake akamsikiliza, uso umemkunjamana kwa maumivu.

"Sauti yako niliisikia mpaka huku," akasema. "Jirani yangu hapa akauliza, ni nani huyo anayetukana watu? Nikasema simjui."

Pilipili akamfunika mama yake shuka, akatoka.

Koridoni alitembea akipanga maneno. Atasema samahani, atasema ilikuwa siku mbaya, atasema kosa lilikuwa la wote wawili. Hapana, hilo la mwisho aliache. Mlango wa maabara ulikuwa wazi kidogo, na dada alikuwa ameinamia kazi, anaingiza majibu ya mfuko wa kwanza. Akasikia viatu. Hakugeuka, ila mkono wake uliinuka kutoka kwenye vitufe ukaelekea pale pa kuzimia skrini.

"Iache iwake," Pilipili akasema.

Kauli ikatoka kwa kishindo, maana sauti nyingine hakuwa nayo. Skrini ikazimika.