Jenereta la Mama Mkwe

Sina ugomvi na umeme. Ugomvi wangu ni na wenye majenereta. Mmoja wao almanusura aniue, na sikuweza hata kumfokea.

Nilikuwa fundi wa laini Ruangwa. Mchana huo tawi la mkorosho lilikata waya huko Mandawa, nyumba tatu za mwisho zikakosa umeme. Mojawapo ilikuwa ya mama mkwe. Nikatoa fyuzi kwenye transfoma, laini yote ikazimika, nikapanda nguzo kwa amani. Ghafla watoto wa zile nyumba tatu wakapiga kelele: "Umeme umerudiii!"

Umerudi kutoka wapi, na fyuzi ninazo mimi mkobani? Nikausogezea waya kipimo, kikalia. Lo! Mungu si Athumani, ningekuwa nimeshaushika.

Nilishuka nimefura. Kuna mtu kachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, umeme wake ukatoka nyumbani ukapanda laini. Fyuzi zangu zinalinda mlango wa mbele. Huyu kaingilia wa uani. Nikafuata mngurumo huku napanga matusi. Nikasukuma geti, nikakuta ni mama mkwe. Kumbe kalinunua juzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeme wenu umetushinda, nimejitafutia wangu, barafu zangu za kuuza zisiyeyuke. Karibu maji ya baridi."

Nikanywa. Ningefanyaje? Mkwe hafokewi. Tena maji yenyewe yalikuwa matamu, ndiyo yakazidi kuniudhi.

"Mama, mbona swichi kubwa ya kuitenga nyumba na laini hukuizima?"

"Nikiizima, nitajuaje umeme wenu umerudi?"

Nikamweleza taratibu, macho chini, kwamba umeme wake umefika mpaka nguzoni.

"Nguzoni kulikuwa na nani?"

"Mimi, mama."

Akakaa palepale mchangani. "Mwanangu awe mjane kwa ajili ya barafu zangu?" Akalia. Na mimi nikalia, hofu ndiyo kwanza inanifikia. Tukalia wote wawili, jenereta linanguruma, hakuna aliyekumbuka kulizima.

Baadaye nilimfungia swichi maalumu: jenereta likiwaka, laini inajitenga. Mama haiamini hata kidogo. Sasa nimehamishiwa Nachingwea, kazi ya mezani, lakini umeme ukikatika kwake lazima anipigie kwanza. Juzi simu ilinikuta kikaoni, mbele ya bosi.

"Baba, uko chini?"

"Niko chini, mama."

"Kabisa?"

Nikainuka, nikakanyaga sakafu kwa kishindo ili asikie. Ndipo kule Mandawa jenereta likawaka.