Mbwa Mwitu Aliyevaa Udi Wangu

Ukitaka kucheka, cheka kabisa sasa hivi, ukimaliza nikuhadithie. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Virginia, na sikuwa na homa wala sikuwa usingizini.

Mume wangu, Baba Nasra, anapenda mbwa mwitu. Si kupenda kwa mzaha. Akirudi kazini uwanja wa ndege, hajavua hata viatu, ameshafungua simu kuwatazama. Picha ya mmoja wao, jike la kijivu, ameiweka pale kwenye simu ilipokuwa picha yetu ya harusi. Wewe ungevumilia? Mimi roho ilikuwa ikiniuma. Angekuwa mwanamke ningejua pa kumshika. Mnyama utamshika wapi?

Basi akapata nafasi kwenye shamba moja, mbele ya Manassas, wanakofugwa mbwa mwitu, na wageni huruhusiwa kukaa nao. Na yule wa kwenye picha yuko huko huko. Wenye shamba walituma ujumbe: msijitie manukato ya aina yoyote. Akanisomea mara mbili, maana ananijua.

Asubuhi ile, yeye yumo bafuni anaimba, nikakivika king'ora cha moshi mfuko wa plastiki kisipige kelele, kama tufanyavyo sote tunaokaa ghorofani Herndon. Nikawasha chetezo, nikalifukiza jaketi lake mpaka bitana. Udi wangu naupika mwenyewe kwa kipimo cha bibi yangu wa Mombasa, hata dada yangu sijampa. Nilitaka yule jike anuse, ajue huyu ana mwenyewe. Ndani ya gari Baba Nasra alifungua dirisha.

Mwenye shamba, mama mmoja wa Kizungu, akatuingiza ndani ya uzio, akatuambia tukae chini tutulie. Yule jike akaja moja kwa moja kwa mume wangu. Akalinusa jaketi. Nikangoja akimbie. Wapi. Akasugua shavu kifuani pake, akasugua shingo, kisha akajilaza mapajani, anajigeuza taratibu kama bibi harusi anayesingwa, anayesuguliwa manukato mwilini. Baba Nasra machozi yanamlengalenga. Siku ya harusi yetu hakulia, nakwambia. Mama wa shamba akasema ndivyo walivyo, wakipenda harufu huichukua wakaivaa. Na muda wote ule jike ananitazama mimi.

Sikuweza kukaa. Nikatoka nikaenda msalani ninawe uso. Pale kwenye sinki palikuwa na mwanamke mrefu, koti la kijivu, miguu mitupu ina matope, ananawa mikono kwa sabuni. Ananukia udi wangu. Si wa dukani, wangu, na ile sukari ya kuupikia niliyoiunguza kidogo nikaisikia. Akageuka. Macho yake ya manjano. Akanijibu hata sijamuuliza, kwa Kimvita safi, kama mtu niliyecheza naye utotoni:

"Ahsante kwa udi, mke mwenzangu."

Akatoka. Nikamfuata mbio, nje hapana mtu. Uzio umefungwa kwa kufuli. Ndani, mume wangu amekaa pale pale nilipomwacha, na yule jike amelala miguuni pake, makucha yana povu la sabuni.

Nilipomweleza garini, alicheka.

"Mama Nasra, wivu mpaka kwa mnyama?"

Jaketi nimeshalifua, nikaligawa. Haikusaidia. Siku hizi Baba Nasra anarudi kazini na shingo inanukia udi uliotoka motoni sasa hivi, nami kwangu chetezo kiko kabatini baridi. Nimemuuliza, akaapa hajui. Ninamwamini, ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Juzi nikasema leo na mimi nitajifukiza. Nikasimama juu ya chetezo mpaka nywele zikajaa moshi, macho yakawasha. Akaja, akanikumbatia, akavuta pumzi shingoni mwangu, akaniuliza kwa upole mbona siku hizi nimeacha kujitia udi.

Kwa hiyo dada, ukiambiwa usitie manukato, usitie. Mumeo akipenda mnyama, mwache aende akinuka jasho lake mwenyewe.