Chungwa la Gildardo

Nisomeni taratibu.

Kaka yangu Gildardo, Gil kwetu sisi, aliondoka nyumbani kwenda Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kazi, na hatukumwona tena. Miaka sita.

Sasa mwaka jana, tarehe mosi Novemba, saa saba mchana, nikakuta chakula chake kimeagizwa na kimechukuliwa. Chake kabisa, kile ambacho mtaa mzima hakuna mwingine aliyekila namna ile.

Nikadhani ndiyo siku yangu ya furaha kuliko zote. Jamani, sikujua ninachokishangilia.

Mimi naitwa Erendira, mtu wa mji wa Uruapan, mtaa wa Las Higueras. Ukifika kwetu ukauliza taco nzuri, vile vichapati vya mahindi vyenye nyama, watu hawatakuelekeza kule kwenye migahawa ya vioo na mataa karibu na stendi. Watakwambia nenda kwa Bi Chole.

Na ukifika kwa Bi Chole utadhani umepotea.

Ni gereji ya nyumba yake. Mlango wa bati, viti vya plastiki vinne, na cha tano kilichovunjika mguu ambacho anakiacha makusudi kwa wageni wenye maringo. Kibao hakuna. Sahani zinavalishwa mfuko wa nailoni ili zisioshwe. Unakula umejikunja, goti lako limegusa goti la jirani, mafuta yanakurukia shati. Ukiingia unawatakia walioko chakula chema, ukitoka hivyohivyo, hata kama mna kesi.

Lakini ule utumbo!

Bi Chole anauchemsha tangu alfajiri, halafu anaukaanga kwenye karai mpaka unakauka, ukiutafuna unalia mdomoni. Anaukatakata juu ya gogo, anaulaza kwenye vichapati viwili vya mahindi, anamwaga vitunguu na giligilani, pilipili ya kijani juu, unakamulia ndimu. Ukifika ya tatu umeshamsahau hata aliyekukosea.

Gil yeye alikuwa na vituko vyake. Vitunguu hataki. Pilipili ianze chini, nyama ije juu. Na ndimu hataki hata kuiona, anakamulia chungwa.

Chungwa!

"Wewe mtoto umelogwa," Bi Chole alikuwa anamsema mbele za watu. "Hii ni taco, siyo dawa ya mafua!"

Anamsema, lakini pembeni ya gogo hapakosi chungwa moja, na ole wake atakayeligusa.

Halafu alikula amesimama, palepale mbele ya karai, moshi unamwingia machoni. Ukimwambia afungiwe aende nazo nyumbani anakucheka. "Utumbo ukifungwa unalegea. Chakula cha kufungiwa ni cha wagonjwa na marehemu."

Ndiye huyo kaka yangu.

Aliondoka na rafiki yake Rosendo, wakavuke jangwa waingie upande wa pili. Rosendo alikulia kwetu. Mama yake alifariki mapema, kwa hiyo mama yangu, Obdulia, ndiye aliyemlea. Baada ya wiki tano akarudi peke yake, amekonda, midomo imepasuka.

"Mimi askari wa mpaka walinikamata wakanirudisha," akasema. "Gil kavuka. Akitulia atapiga simu."

Simu haikupigwa. Ila Rosendo hakukosa salamu. Mara kuna jamaa amemwona anapaka rangi majumba. Mara kanenepa. Mara kahamia mji mwingine ndiyo maana kimya. Mama alikuwa anaishi kwa hizo salamu, na mimi pia, nisiwadanganye.

Sasa kwetu siku ya wafu kila nyumba inaandaa meza. Maua ya njano, mishumaa, picha ya marehemu, chakula alichokipenda, na glasi ya maji, maana wanatoka mbali na wanafika na kiu. Sisi tunamwekea baba. Taco za nyama ya kichwa, kutoka kwa Bi Chole.

Gil hatukumwekea kitu. Mwaka wa nne shangazi alithubutu kusema basi tuweke picha yake tu. Mama alimtoa nje na ufagio.

"Aliye hai hawekewi sahani! Unataka kuniulia mtoto?"

Hakuna aliyerudia tena.

Basi siku hiyo nikaenda kuchukua taco za baba, na mimi nile zangu mbili tatu. Bi Chole hakuwepo, alikuwa makaburini anapamba kaburi la mumewe. Karai alikuwa nalo mkwe wake, Meche, kaja kutoka Morelia hana hata wiki mbili, hamjui mtu.

Nikakaa, nikala. Nilikuwa nafikisha ya pili mdomoni nikaona kitu juu ya gogo.

Nusu chungwa, limekamuliwa.

"Meche, hilo chungwa la nani?"

"La mteja, dada. Kaja nalo mwenyewe mfukoni. Loo, watu wana mambo! Vitunguu hataki, pilipili kaniambia niitangulize chini. Nikamwuliza, kaka, una mimba?"

Nikairudisha taco kwenye sahani.

"Ni nani? Yukoje?"

"Wa kawaida tu. Mrefu, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, macho mekundu. Hata hakukaa. Kasema nimfungie vizuri, kuna mtu amemsubiri mwaka mzima. Kaondoka na nusu ya chungwa lake."

Kuna mtu amemsubiri.

Nani mwingine kama si mama?

Sikumaliza kula. Taco za baba nilizisahau palepale. Nilikimbia, kiatu kimoja kinanivuka, watu wananiuliza vipi, nacheka huku nalia. Gil kafika! Gil yuko mtaani! Kaona aibu kuja mikono mitupu, kapita kwanza kwa Bi Chole!

Nilimkuta mama uani anatunga maua kwenye uzi.

"Mama, Gil karudi!"

Hakupiga kelele. Aliichomeka sindano kwenye ua, taratibu, akaniambia nimweleze. Nikamweleza yote, chungwa, pilipili, kofia.

"Alikula pale?" akauliza.

"Hakula, kafungiwa."

"Kafungiwa?"

"Eee, mama, kafungiwa. Kasema kuna mtu anamsubiri. Ni wewe!"

Mama akaingia ndani, akatoka amejitanda ule mtandio wake wa bluu wa sikukuu.

"Nenda kaniitie Rosendo."

Nikaona ni sawa kabisa. Rosendo ndiye atakayejua pa kumtafuta.

Kwa Rosendo ni vichochoro viwili tu. Siku hiyo watu hawafungi milango, ili wafu wao waingie. Nikaita, kimya. Nikaingia.

Alikuwa ameandaa meza yake. Picha ya mama yake upande mmoja, ile ninayoijua tangu utotoni.

Upande wa pili, picha ya Gil.

Gil kasimama mbele ya karai la Bi Chole, shavu limejaa, anacheka. Mbele yake glasi ya maji. Na sahani, taco tano za utumbo. Na nusu chungwa.

Nilisimama pale, na msinicheke, nilikuwa bado natafuta njia awe hai. Nikajiambia labda wanataniana. Labda Gil mwenyewe yuko chooni.

Rosendo akatokea uani na mshumaa mkononi. Aliponiona akasimama.

"Ere..."

"Yuko wapi?"

"Ere, kaa chini."

"Sikai! Aliye hai hawekewi sahani, Rosendo. Sasa hii ni ya nani? Niambie ni utani."

Mshumaa ukamdondoka. Hakuuokota.

"Siku ya tatu maji yalituishia," akasema. "Gil akakaa chini ya kichaka cha miiba. Akaniambia tangulia, napumzika kidogo. Nilitafuta maji, nikayapata, nikarudi. Nilirudi, Ere, nakuapia. Nikamfunika kwa mawe."

"Miaka sita, wewe! Miaka sita unatuletea salamu!"

"Siku ile nilifika kwenu maneno yote nikiwa nayo mdomoni. Mama akanishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza, kavuka? Ningemwambiaje? Nikasema kavuka. Baada ya hapo uongo wenyewe ukawa unataka kulishwa kila wiki."

"Na Gil?"

"Gil namlisha hapa. Kila mwaka namvizia Bi Chole aende makaburini amwachie karai mtu mwingine, asije akaniuliza hilo chungwa ni la nani. Ningemwacha na njaa?"

Nilimzaba kofi. La pili halikutoka.

"Mama anakuita," nikamwambia.

Njia nzima nilikuwa nawaza nitaanzaje kumwambia mama. Yule mama amejitanda mtandio wa kumpokea mwanawe, na ni mimi niliyempelekea hiyo habari. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia Rosendo.

Tukaingia.

Mama alikuwa ameketi mbele ya meza. Picha ya baba alikuwa ameisogeza kushoto, pembeni pana nafasi. Mapajani alikuwa na picha ya Gil ya shule ya msingi, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitoa ukutani.

Akamtazama Rosendo.

"Alikufa na kiu?"

Rosendo akaanguka magotini. "Ndiyo, mama."

Mama akatoa pumzi ndefu sana, nikadhani hazitarudi. Mimi ndiye niliyepiga yowe, siyo yeye.

"Mama, umejuaje?"

"Ulisema kafungiwa," akanijibu, macho yako kwa Rosendo. "Mwanangu hakuwahi kufungiwa chakula."

Kumbe mtandio ule hakuuvaa kwa ajili ya kupokea mgeni. Alikuwa ameuvalia msiba, na mimi nikakimbia barabarani nikishangilia.

Rosendo akataka kumshika miguu. Mama akaivuta.

"Sijakusamehe. Labda kesho, labda nitakufa sijaweza. Sasa hivi nenda kalete sahani yake. Kwako si kwao."

Rosendo akaondoka mbio kama mtoto aliyetumwa.

Mama akasimama, akaiweka picha kwenye ile nafasi. Akachukua glasi ya maji, akaitazama, akairudisha. Akaenda jikoni akaja na mtungi mzima, umejaa mpaka unamwagika, akautua mbele ya Gil.

"Miaka sita anaupita mlango huu na kiu," akasema. "Anakwenda kunywa kwa watu. Na mlango niliufunga mimi."

Nikamwambia si kweli. Hakunisikia.

Sahani ilipofika aliipokea mwenyewe. Akagusa taco ya kwanza kwa kidole, akaibonyeza.

"Zimelegea," akasema.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio cha miaka sita, na jirani wakaja, na Bi Chole akaja na aproni yake ya mafuta. Alitazama picha, akageuka akarudi kwake. Muda si muda tukamwona anakuja tena, anatembea haraka barabarani, sahani imefunikwa kwa kiganja, utumbo bado unachemka, na chungwa zima kwapani.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sitaki kumlaani Rosendo peke yake. Yeye aliuleta uongo, lakini sisi ndio tuliomkaribisha kiti kila wiki, tukimwuliza una habari gani, kwa sura zilizoruhusu habari moja tu kuingia.

Kama unajua aliko mtu wa watu, hata kama ni chini ya mawe, nenda ukaseme. Utapigwa, utafukuzwa, utachukiwa, ila sema. Usimwache mama akamnyima mwanawe maji, akidhani anamlindia uhai.