Kiganja cha Mama Ubavuni mwa Redio

Juzi fundi aligonga boksi la spika yangu kwa kidole, akasema, "Ubao wa ubavuni umelegea, ndiyo maana sauti inatetemeka." Nikaweka kiganja pale alipogonga.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa vitani, hatukuwa na habari zake tangu mavuno. Siku ya salamu za askari redioni tulikwenda dukani kwa Jivan, pale Kondoa, penye harufu ya mafuta ya taa na bizari. Sauti ya baba ilitoka kwenye redio ya mbao ikitetemeka.

"Ana homa," mama alinong'ona, akaukandamiza ubavu wa redio kwa kiganja, kama alivyonishika paji la uso nikiumwa. Sauti ikatulia. Niliamini baba ameuhisi mkono wake.

Wakasema askari wengine, kisha zikaja nyimbo.

"Mama Salima, toa mkono," Jivan alisema taratibu. "Mumeo amekwisha kusema."

"Nikiutoa atatetemeka tena."